Sista na Nyumba ya Mlango Mmoja

Mtaa mzima ulimwita Sista, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kuvua sare ya hospitali. Jina lilimganda kama plasta. Sehemu kubwa ya maisha yake aliuguza wanaume wodini, na alipostaafu alirudi nyumbani na miguu iliyovimba, cheti chenye fremu, na mume ambaye alikuwa ameshaanza kuumwa. Mume hakukaa sana. Alipokwisha kuzikwa, Sista akabaki na mama mkwe ambaye hakukumbuka kwamba mwanawe amekufa, na kila asubuhi aliuliza, "Ameshakunywa chai?"

"Ameshakunywa, mama," Sista alimjibu. Hakuuona ubaya wa uongo huo. Ubaya ungekuwa kumwambia mama wa watu habari za msiba upya kila siku ya Mungu.

Nyumba ya wazee ilianza hivyo, bila mtu kuianzisha. Jirani mmoja alimleta mama yake "kwa wiki moja tu, Sista, nisafiri nirudi," na wiki ile ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwaka. Mwingine akasikia. Mwingine akaja na baba yake ndani ya teksi, godoro limefungwa juu. Mama mkwe alipofariki, kitanda chake hakikupata hata nafasi ya kupoa. Mwishowe nyumba ile ya vyumba vinne ikawa na wazee saba, na Sista akamwita wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndoa ilikuwa imemshinda na alitafuta pa kujishikiza.

Kati ya wazee wale, watatu walikuwa na sauti kuliko wengine, hata yule asiyeweza kusema. Bi Mkubwa alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote, na mpaka leo alishika shuka la kitanda kwa vidole viwili akilipima ubora kabla ya kulikubali. Karani alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja ulikufa, ulimi ukawa mzito, lakini macho yalifuata kila kitu. Na Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu kama mlingoti, ambaye akili ilikuwa imemtoka ikaiacha miguu nyuma. Miguu hiyo ndiyo iliyomtia Sista wasiwasi. Kila asubuhi Mwalimu alivaa shati, akafunga vifungo hadi shingoni, akataka kwenda shule.

Siku moja alikwenda kweli. Wifi alikuwa ameusahau ufunguo mlangoni. Sista alimkuta Mwalimu barabara kuu, katikati kabisa, mkono mmoja juu, akiyasimamisha malori ili wanafunzi asiowaona mtu mwingine wavuke. Lori la mchanga lilifunga breki mbele yake, karibu kiasi kwamba Mwalimu aliinyoosha kola yake akijitazama kwenye kioo cha taa. Sista alimshika mkono, akamvuta pembeni, akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake safi. Dereva alikuwa anatukana huku analia.

Kuanzia siku hiyo, mlango wa nondo ukafungwa kwa kufuli. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na madirisha yalikuwa na nondo tangu zamani kwa ajili ya wezi. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao Sista aliutia kwenye kamba, akauvaa shingoni, ndani ya blauzi. Hakumwachia mtu. Alipotoka, alitoka nao.

"Wifi, na mimi unanifungia?" wifi alimuuliza siku ya kwanza, nusu utani.

"Nakufungia. Si wewe uliyemfungulia?"

"Haya. Siku moja utarudi unikute nimezeeka humu, unitafutie na mimi kitanda."

Wakacheka. Mwalimu akazunguka korido, akatikisa nondo, akarudi kukaa. Sista, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliweza kunywa chai bila kushtuka kila kiatu kinapogusa sakafu.

Ndipo ilipotoka sheria. Kila nyumba inayotunza wazee kwa malipo iandikishwe na ikaguliwe. Sista alizisikia habari hizo redioni akiwa anamlisha Karani, kijiko kikasimama hewani. Hakuwa na kosa alilolijua. Wazee wake walikuwa safi, hawakuwa na vidonda vya mgongo, walikula moto moto. Hata hivyo aliinuka akazima redio. Miaka ya wodini ilikuwa imemfundisha kuogopa watu wanaokuja kutazama na kuondoka.

Mkaguzi alikuja bila kupiga simu. Alikuwa mwanamume wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi kwa sababu ofisi haikuwa na gari. Aliamkia vizuri. Alifunua mashuka, akanusa bila kujificha, akamuuliza kila mzee amelalaje. Bi Mkubwa akamuuliza shati lile alinunua wapi, kwa maana waliomuuzia walimwibia. Mkaguzi akatabasamu. Sista akaanza kupumua.

Kisha mkaguzi akarudi mlangoni, akashika kufuli.

"Mama, hili hufungwa muda wote?"

"Muda wote, mwanangu. Nina mzee anatoroka."

"Na ufunguo?"

Sista akapapasa kifua. "Huu hapa. Hautoki mwilini."

"Ukiwa sokoni?"

"Nikiwa sokoni, na wenyewe uko sokoni."

Mkaguzi hakucheka. Alitazama madirisha, moja baada ya jingine, akasukuma nondo kwa kiganja. "Moto ukiwaka?"

"Mwanangu, nimekaa nyumba hii tangu nimeolewa, haujawahi..."

"Siulizi kama umewahi, mama. Nauliza ukiwaka."

Sista alitaka kumwambia habari ya lori la mchanga, kola, kioo cha taa. Alianza, akaona maneno yanamtoka vibaya, akaacha.

Mkaguzi alimweleza taratibu, kama mtu anayejua anachoma. Afungue mlango wa pili nyuma. Madirisha yawe na nondo za kufunguka kwa ndani. Na asibaki mtu mmoja peke yake na wazee saba, mchana wala usiku. Wawe wawili wakati wote. "Nyumba yako ni nzuri," alisema. "Nimeona mbaya, naijua mbaya. Lakini hii ikiwaka, hatoki mtu. Nitakupa muda. Nikirudi nikikuta hivi, itanibidi nifunge."

Alipoondoka, Sista alikaa jikoni akashika tama. Hesabu ilimzunguka ikarudi palepale. Kumwajiri msaidizi wa pili kulitaka wazee wengine wawili wanaolipa. Wazee wawili walitaka chumba. Chumba kilitaka kujengwa. Na waliopo walilipa kila mmoja kwa kadiri ya uwezo au ya aibu yake: mmoja alituma kwa wakati, mwingine alileta mchele na maneno matamu, mwingine alizima simu. Angewaambia nini? Ongezeni, au mchukueni mzazi wenu? Wangemchukua. Naye usingizi angeupata wapi?

Alikwenda kuitazama nyumba kubwa ya wazee iliyokuwa mlimani, ile iliyosifiwa. Alijifanya ana mama wa kuleta. Alikuta milango mipana inayofunguka kwa kusukuma tu, vyuma vya kushikilia msalani, mitungi ya kuzimia moto myekundu ukutani, sakafu inayong'aa. Kila alichokitaja mkaguzi kilikuwapo. Wazee walikaa kwenye viti vilivyopangwa kuelekea televisheni, na hakuna aliyeitazama. Mama mmoja alimshika Sista mkono alipopita, akasema, "Nina kiu." Sista akatazama huku na huku. Wahudumu walikuwapo, wasafi, wenye haraka, na kila mmoja alikuwa anakwenda kwa mtu mwingine. Alitafuta bomba, akampa maji mwenyewe. Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Nyumba ile isingeungua. Lakini mama mkwe wake, kama angekuwa hai, angeweza kumwacha pale?

Basi akajipa sababu. Fundi wa kuchomelea, jirani wa mbele, ndiye aliyetengeneza nondo zile enzi za marehemu, na alikuwa tayari kuzikata azitie bawaba. "Nitakufanyia, Sista, utalipa polepole," alisema. Sista akasema subiri mwezi uishe. Mwezi ukaisha na nepi za wazee zikaisha nazo. Akasema subiri mwingine. Na kila gari liliposimama nje, alichungulia dirishani akidhani ni mkaguzi, kisha akakumbuka kwamba mkaguzi huja kwa miguu, na hapo akaanza kuogopa nyayo pia.

Siku ya moto ilikuwa siku ya kawaida, asubuhi jua limekwisha panda. Sista alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, anangoja vidonge vya shinikizo la damu vya Karani. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chini ya kwapa, na duka lilikuwa na kelele. Alipoitoa ili alipe, aliona wifi amepiga, amepiga, amepiga. Hakuhitaji kupokea ili ajue. Alijua kwa mgongo. Mkono wake wenyewe ukaenda kifuani, ukaukuta ufunguo pale, wa moto kwa joto la mwili wake.

Alitoka bila dawa. Alimkamata mtu wa pikipiki begani kama anayekamata mwizi. "Nikimbize! Nyumba yangu! Wamo ndani!" Njia nzima alikuwa anasema jambo moja tu, ufunguo ninao mimi, ufunguo ninao mimi, na dereva akadhani anamwambia yeye.

Ilikuwa hivi. Wifi alikuwa anapiga pasi mashuka kwenye chumba cha mwisho. Karani akateleza msalani, akaanguka, akatoa ile sauti yake isiyo na maneno. Wifi akaacha kila kitu akakimbia. Mtu mzima aliyepooza upande mmoja hainuliwi kwa dakika, na aliyekuwapo wa kumwinua alikuwa mmoja tu. Alipomweka kitini akasikia harufu. Shuka limekwisha kushika, pazia limeshika, godoro la sponji linaanza kutoa moshi mzito mweusi unaotambaa darini kama kitu kilicho hai. Alimwaga ndoo ya maji, akakimbilia mlangoni, akakumbuka.

Sista aliporuka kutoka pikipiki, aliwaona. Wifi alikuwa amewaleta wazee mmoja mmoja hadi kwenye mlango wa nondo, akawafunga taulo mbichi puani. Mikono ilikuwa imetokeza katikati ya vyuma. Bi Mkubwa alikuwa mbele, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza tangu Sista amjue hakuwa na neno la kusema. Majirani walikuwa wanarusha maji na mchanga dirishani. Fundi alikuwa ameleta mashine yake ya kukatia vyuma na waya haukufika.

"Fungua, wifi!" wifi alipiga kelele. "Fungua jamani tunakufa!"

Sista akatoa ufunguo. Mikono ile iliyowahi kutafuta mishipa ya watu mahututi gizani umeme umekatika, siku hiyo ilikataa. Ufunguo uligonga kufuli, ukateleza, ukagonga tena. Hakuona vizuri. Alikuwa anasikia sauti ya ajabu, ya juu, kama ya paka, na baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba ilikuwa yake. Fundi wa kuchomelea alimpokonya ufunguo na kamba yake, kamba ikamkwaruza shingo, akafungua.

Walitoka wakianguka. Karani alibebwa na kiti chake. Sista aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa, kama alivyokuwa akifanya wodini.

"Mwalimu yuko wapi?"

Wifi akageuka, akashika kichwa. "Alikuwa hapa! Nilimleta hapa kwa mkono wangu!"

Watu walimshika Sista, akawaponyoka. Aliingia ameinama, taulo mdomoni. Korido ilikuwa nyeusi kuanzia kifuani kwenda juu, na joto lilitoka mwisho kule kama pumzi ya mnyama. Alipapasa ukuta hadi chumba cha Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtulivu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mwalimu, twende!"

"Unaona siko tayari."

"Kuna moto, Mwalimu! Twende hivyohivyo!"

Akamtazama kwa dharau ya upole. "Nitatokaje mbele ya watoto na kiatu kimoja, binti?"

Sista akamvuta. Mzee yule alikuwa na nguvu za mtu asiyejua kuogopa. Akajikaza, akakaa palepale. Sista alihisi akili inataka kumruka. Aliwaza kumwacha. Wazo hilo lilimjia zima, na miguu yote na mikono, likasimama mbele yake: mwache, toka. Akapiga magoti. Alikitia kiatu mguuni, akaanza kufunga kamba, anakohoa, machozi yanatiririka, vidole vinakosana. Alimaliza fundo.

"Kengele imelia, Mwalimu," alisema kwa sauti iliyobaki. "Wamejipanga nje. Wanakungoja wewe."

"Ungesema mapema," Mwalimu akajibu, akainuka, akampa mkono.

Hakufa mtu. Hilo Sista alilirudia kwa wote waliomuuliza. Chumba cha mwisho kiliungua chote, korido ikawa nyeusi. Wifi aliungua mikono. Bi Mkubwa alipelekwa hospitali kwa kikohozi cha moshi. Sista aliwapigia simu watoto wa wazee, mmoja mmoja, akawaambia kulitokea moto mdogo, umezimwa, wote wazima. Kuhusu kufuli hakusema.

"Na usiseme," jirani mmoja alimshauri alipokuja kutoa pole. "Paka rangi, Sista. Mkaguzi akija atakuta ukuta mweupe. Wakikufungia, hawa wazee utawatupa wapi?"

Wifi, mikono imefungwa bendeji, alitikisa kichwa kukubali. Na Sista naye alikubali. Alimtuma mtu akaulize bei ya rangi.

Kesho yake mchana, Sista alikuwa anawapa wazee uji, wote waliokuwa wamebanana vyumba vya mbele. Wifi alichukua kwa viganja vyake vya bendeji beseni la majivu, akaenda kuyamwaga nje. Alikaa kidogo, akarudi, beseni bado limejaa.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Umefunga."

"Nimefunga nini?"

"Mlango."

Sista akaweka bakuli chini. Akaenda kutazama. Kufuli lilikuwa mahali pake, limebanwa, na ufunguo ulikuwa shingoni kwake kwenye kamba mpya. Hakukumbuka kuifunga kamba ile. Hakukumbuka kubana kufuli. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi hiyo peke yake, kwa sababu asubuhi Mwalimu alikuwa ameamka akavaa shati.

Alisimama pale akishika nondo ambazo jana mikono ya watu ilikuwa imetokeza katikati yake. Hofu iliyomshika wakati huo ilizidi ile ya kwenye pikipiki. Jana aliogopa moto. Sasa alijiogopa yeye. Angepaka rangi, na angefunga, na angeendelea kufunga mpaka siku nyingine ifike. Hakuna aliyekuwa anamzuia.

Akafungua kufuli, akamkabidhi wifi ufunguo, akamwita fundi aje akae na wazee, akajitanda khanga, akaenda ofisini kwa mkaguzi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja walichogawana na watu wa leseni za maduka. Mkaguzi alikuwa anakula karanga kwenye karatasi. Alipomwona akasimama haraka, akampa kiti chake.

"Nyumba yangu imeungua, mwanangu," Sista alisema kabla hajakaa. "Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo nilikuwa nao dukani."

Mkaguzi akakaa juu ya meza. "Wangapi?"

"Hakufa mtu."

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na Sista akaona mabega yake yanatetemeka. Watu wa leseni wakajifanya hawaoni.

"Mimi ndiye niliyekupa muda," alisema alipoweza. "Nilitakiwa nikufungie siku ileile. Nikasema nyumba nzuri hii, mama mwema huyu. Mama, kwa nini umekuja? Mimi sikujua. Pengine nisingejua kabisa."

"Ndiyo maana nimekuja. Leo nimefunga tena." Akamweleza. "Nikiachwa peke yangu, nafunga. Nataka mtu wa kunisimamia. Njoo kila mara. Njoo bila kusema."

"Kisheria nafunga leo."

"Ukifunga leo, Mwalimu analala wapi?"

Mkaguzi alikunja ile karatasi ya karanga, akaikunjua. "Nilifunga nyumba moja mwaka jana," alisema. "Ilistahili, walikuwa wanawapiga. Ndugu wakaja wakawachukua. Mzee mmoja nikasikia mwanawe anamfungia chumbani akienda kazini. Kwa nje."

"Ikawaje?"

"Sijui, mama. Niliogopa kwenda kuuliza."

Wakakaa hivyo, watu wawili waliokuwa wanaogopa jambo lilelile kutoka pande mbili. Mwishowe mkaguzi alivaa begi lake. Jioni hiyohiyo alisimama uani akitazama cheche wakati fundi anakata nondo za madirisha. Aliandika amri: nyumba isipokee mzee mpya yeyote mpaka ikaguliwe upya, ukuta wa nyuma utobolewe mlango, na siku yoyote atakayokuta mtu mmoja peke yake na wazee, anaifunga siku hiyo, hata kama mvua inanyesha. Alimtazama Sista machoni. "Safari hii sitakuonea huruma."

"Usinionee," Sista alisema, na kweli hakutaka.

Ikabaki kuwaambia wenye wazazi. Aliwaita sebuleni, akawasimulia yote, kufuli na ufunguo. Mmoja alimwita muuaji. Mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa, aliyekuwa na biashara zake na hakuwahi kuchelewesha malipo, aliinuka akasema mama yake akitoka hospitali anakwenda mlimani, kwenye nyumba ya watu wenye akili. Hakuna aliyembishia. Wengine wawili waliwachukua wazazi wao wiki hiyo. Waliobaki walikuwa wale wasio na pa kwenda.

"Msaidizi wa pili siwezi kumlipa," Sista aliwaambia. "Nanyi hamwezi, najua. Basi njooni wenyewe. Kila nyumba itoe mtu, siku yake."

Walinung'unika. Binti wa Karani, mshona nguo, ndiye aliyesema, "Mimi nitaleta cherehani yangu hapa. Nikishona kwangu au nikishona huku, nguo ni ileile." Alikuja kweli. Wengine walikuja kwa kusuasua. Mmoja alimtuma mkewe, mkewe akamtuma dada yake. Kulikuwa na siku mtu hakutokea, na Sista alimwomba fundi afunge karakana aje kukaa. Aliogopa siku hizo kama homa. Nyayo zozote zingeweza kuwa za mkaguzi, na mara mbili zilikuwa zake. Mkaguzi alihesabu watu waliopo, akanywa maji, akaondoka bila kusifu.

Mwalimu alitoka, ndiyo. Alitoka mara nyingi. Mtu mmoja alikuwa anamfuata nyuma hatua chache mpaka achoke, na mtaa ukamzoea. Siku moja alipotea kabisa, na Sista akazunguka barabara kuu akitazama chini ya magari, hana sauti, mpaka alipomkuta kwenye kivuli cha duka la vinyozi akiwakagua watoto kucha. Sista alikaa kwenye kiti cha kunyolewa akamngoja amalize.

Sista alikwenda kumtazama Bi Mkubwa mlimani. Alimkuta amelazwa, msafi, shuka limenyooshwa bila kunyanzi. Alikuwa amepungua. Hakulishika shuka, hakuuliza bei ya kitu.

"Umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Nimekuja kukuona, mama. Siruhusiwi kupokea mtu."

"Mimi si mtu. Mimi ni wa pale."

Sista alimweleza mkaguzi, naye akasema amri ni amri: aliyeondoka akirudi anahesabiwa mpya. Sista hakumlaumu. Alisubiri. Mlango wa nyuma ulipokamilika na ukaguzi ukapita, mtoto wa Bi Mkubwa alikuwa amechoka kuitwa mlimani kila wiki kuambiwa mama yake hali chakula. Alimleta mwenyewe, akamshusha garini bila kumtazama Sista usoni, akasema tu, "Mlango wa nyuma uko wapi?" Akaonyeshwa. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akapita, akatokea uani, akarudi kwa kuzunguka mbele. Kisha akauliza siku yake ya zamu ni ipi.

Siku za kwanza Bi Mkubwa alilala ameelekea ukutani, na kikohozi cha moshi kilikuwa bado hakijamwacha. Usikivu wote wa Sista ukahamia kwenye kifua kile. Akisikia kimya kirefu mno, aliacha kazi akaenda kumwekea mkono mgongoni, asikie kama unapanda na kushuka. Ulipanda. Ukashuka. Sista hakuondoa mkono mpaka binti wa Karani alipoacha kushona, akaja akasimama karibu naye, akasema, "Nenda kale, mama. Niko mimi hapa."